Nyota Nane za Kasha la Hetvi

Alhamisi asubuhi, chai yake ya mnanaa ikiwa bado inafuka moshi, Savak Dumasia alipasha ncha ya sindano kwa kiberiti na kuigusisha kwenye sehemu nyeupe ya ufito wa nakshi uliokuwa mezani. Sindano haikuzama. Akaipasha tena, akagusa tena. Ingekuwa plastiki ingeyeyuka na kunuka mpira. Hii ilitoa harufu ndogo, kali, ile inayotoka kinywani mwa mtu anayetobolewa jino kwa daktari. Savak aliiweka sindano chini na kukaa.

“Hilla!”

“Nakuja, mayai yataungua.”

“Yaache yaungue.”

Katika miaka thelathini na moja ya ndoa yao hakuna Mparsi wa nyumba ile, na Waparsi na mayai ni chanda na pete, aliyewahi kusema mayai yaachwe yaungue. Hilla alikuja mbio na mwiko mkononi.

“Nani ameukata ufito huu?”

“Mimi. Si ulikuwa umelala na dawa ya macho? Kasha la Sevantibhai lilipungukiwa na nyota nane kwenye kona. Nikatafuta ufito unaolingana, nikakata, nikabandika. Ulipoamka ukapitisha kidole, ukasema kazi imenyooka.”

“Uliutoa wapi?”

“Stoo, kwenye sanduku la bati.”

“La baba.”

“La baba, la mama, sanduku si sanduku? Nyota ni ile ile.”

“Hilla, hiyo ni pembe ya ndovu.”

Mwiko ulibaki hewani. Jikoni mayai yalianza kunuka, na hakuna aliyekwenda kuyatazama.

Mtego wenyewe ulitegwa na ukoo. Kazi ya sadeli, nakshi ya kubandika kwenye makasha, ni ya subira: unachonga vijiti vyembamba vya mpingo, vya waya wa bati, vya mti uliotiwa rangi ya kijani, na vyeupe, unavigandisha vikawa ufito mmoja, kisha unaukata kama tango, na kila kipande kinachoanguka ni nyota. Kwa vizazi vinne akina Dumasia wa mtaa wa Nanpura, mjini Surat, India, walitengeneza nyota moja kwa kipimo kimoja. Marehemu mzee alikuwa akipima vijiti vya mwanawe kwa ukucha wa kidole gumba, na visipolingana anavitupa dirishani ili mwanawe akaviokote mbele ya majirani. Ikawa nyota ya baba na nyota ya mwana zinakaa pamoja bila nafasi ya unywele kati yake. Walijisifu kwa hilo kila mahali. Tofauti ilikuwa kwenye weupe tu: wa mzee ulikuwa pembe ya ndovu, wa mwana plastiki.

Sheria ilipofunga biashara ya pembe, mzee alikuwa ameshakufa na kuacha fito saba. Zilitakiwa kupelekwa serikalini zikaandikishwe. Savak aliogopa foleni, akaogopa maswali, akaogopa kuulizwa alikuwa wapi siku zote, akazifunga kwenye gazeti na kuzisukuma chini kabisa ndani ya sanduku la bati. Kwa mkewe alisema tu ni vitu vya baba, visiguswe. Huyu ni mtu ambaye akimwona polisi wa barabarani hushuka kwenye skuta yake na kuisukuma, hata kama hana kosa lolote.

Na kati ya wateja wote wa Surat, kasha lile lilikuwa la Sevantibhai Kothari, mfanyabiashara wa almasi, Mjaini, mfuasi wa dini isiyoua kiumbe chochote, wa wale ambao hata kitunguu hawali kwa kuogopa mdudu aliyeuawa shambani wakati wa kukichimba. Binti yake wa pekee, Hetvi, mwenye miaka ishirini na mitatu, alikuwa anaiacha dunia siku ya Jumapili awe mtawa. Hatagusa fedha tena, hatapanda gari, atatembea pekupeku mpaka afe. Kwenye maandamano angebeba kitabu chao kitakatifu kichwani, ndani ya kasha hilo. Sevantibhai alikuja kuagiza mwenyewe, akasimama hapo hapo kwenye vumbi la mbao.

“Bawaji, nisikilize vizuri,” alisema, maana ndivyo Surat nzima inavyowaita Waparsi. “Sitaki mfupa. Sitaki ngozi. Gundi ya kwato sitaki. Nisikute humo kitu kilichowahi kuwa na damu.”

Savak alishika uzi mtakatifu kiunoni mwake na kuapa. Kasha lilipelekwa Jumanne.

*

“Kuwa nayo tu ni kosa,” alisema Perviz, binti yao, ambaye alikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili na kwa hiyo alijua kiasi cha kuwatisha lakini si kiasi cha kuwasaidia. “Kuuza ni jela. Miaka mitatu mpaka saba. Na dhamana ya kesi za wanyama ni taabu kuipata, nimeandika barua zake mwenyewe.”

“Nani atajua?” Hilla aliuliza. “Ni vipande vidogo kama ukucha.”

“Mama, mji huu kila mwanamume wa pili ana lenzi ya almasi mfukoni. Wanaangalia mpaka ndani ya meno ya wachumba.”

“Miaka thelathini na moja,” Hilla alimgeukia mumewe, “nafagia chini ya sanduku lile. Nalifuta vumbi kila sikukuu. Ungenipa neno moja tu! Pembe. Neno fupi hivyo, lingekutoa roho?”

“Niliogopa utamwambia mtu.”

“Nani? Nimwambie nani, kuku?”

Savak alikuwa anajiona mbele ya lango la gereza la Lajpore, kofia yake nyeusi mkononi, akiulizwa jina la baba yake. Alikuwa anaona pia jambo lingine lililomtisha zaidi: binti wa watu anatembea barabarani na mnyama aliyeuawa juu ya kichwa chake, na aliyemtwisha ni yeye.

Walikubaliana asubuhi ile ile. Angekwenda kuomba kasha lirudi, aseme gundi ya kona moja haijashika vizuri. Ufito wa plastiki ulikuwepo. Kutoa nyota nane kwa chuma cha moto na kubandika nyingine ni kazi ya saa tatu, na Jumamosi kasha lingekuwa limerudi.

“Useme gundi,” Perviz alimfundisha mlangoni. “Gundi tu. Usianze kueleza, Baba. Ukianza kueleza unajulikana.”

*

Nyumba ya Sevantibhai ilikuwa imejaa wageni mpaka ngazini. Mahema yalikuwa yanafungwa, wapishi wanapiga kelele, matarumbeta yanajaribiwa. Mlinzi alimpima Savak kuanzia kofia mpaka viatu.

“Mkanda, bawaji. Ngozi haiingii humu leo.”

“Mkanda tu?”

“Na pochi. Na saa, ule ukanda wake. Weka vyote hapa kwenye karai.”

Savak alikuwa amepungua mwili mwaka ule na suruali ilikuwa ya zamani. Kwa hiyo aliingia nyumbani kwa tajiri wa almasi akiwa ameikamata suruali kwa mkono wa kushoto, na wasichana waliokuwa wakifunga maua walifunika midomo wakacheka. Meneja alimketisha kwenye kiti cha plastiki pamoja na mafundi wa mahema. Alikaa hapo saa nzima na nusu. Kila mtu aliyepita na bahasha, Savak alimdhania kuwa afisa wa wanyamapori.

Alipoitwa hatimaye, alikuta kasha limewekwa juu ya meza ndogo iliyotandikwa hariri, kitabu kikiwa tayari ndani. Sevantibhai alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala.

“Gundi?” alisema. “Gundi gani, bawaji? Kasha halitikisiki.”

“Kona moja, sheth,” alisema Savak, kwa jina la heshima la matajiri. “Jua likilipiga siku nzima, inaweza kuinuka. Nipe mpaka Jumamosi.”

“Haiwezekani. Mtawa mkuu amelibariki jana, kitabu kimeshaingia. Hakitoki mpaka Jumapili. Iinuke tu, nani atatazama kona?”

“Mimi nitatazama,” ilisema sauti nyuma yao. Alikuwa Jaysukh, baba mdogo wa Hetvi, mtu wa utani mwingi na tumbo kubwa. Alishatoa lenzi mfukoni, akaipachika jichoni na kuinama. “Miaka arobaini natafuta kasoro kwenye vitu vya watu. Acha nikutafutie na wewe.”

Savak aliishika suruali kwa mikono yote miwili. Jaysukh alikwenda nyota moja baada ya nyingine, taratibu, akihesabu kwa midomo kama anayesali. Alipofika kwenye kona alisimama. Akarudi nyuma nyota tatu, akaja tena mbele. Jasho likampita Savak mgongoni mpaka kwenye uzi wa kiunoni.

“Hizi nane,” Jaysukh alisema, “si kama zile.”

“Ni… ni zile zile, sheth.”

“Usinifundishe weupe. Hizi zina uhai. Zile nyingine zimekufa kama sahani ya hoteli. Kwa nini hukuweka zote hivi?”

“Ufito uliisha.”

“Ufito wa nini?”

“Jaysukh, mwache mzee wa watu,” Sevantibhai alisema. “Unamtisha bure, ona anavyotoka jasho.”

“Simtishi. Namsifu. Anayesifiwa akaloa hivi ana yake moyoni.” Akacheka, na waliokuwepo wakacheka naye, lakini lenzi hakuirudisha mfukoni.

Savak alikuwa anatoka kinyumenyume alipokutana na Hetvi mwenyewe kwenye korido. Alikuwa amepakwa hina mpaka kwenye viwiko na kuvishwa dhahabu kama bibi harusi, ndivyo Wajaini wanavyowaaga wanaokwenda utawani. Alimwinamia Savak kwa heshima.

“Asante kwa kasha, baba. Nilitaka kukuuliza mwenyewe. Ni kweli hakuna kilichouawa humo?”

Aliuliza bila shaka yoyote, kama mtu anayeuliza kama mvua imekatika. Savak alimtazama mtoto yule, akafikiria miaka saba.

“Kweli, binti yangu,” alisema.

Mlangoni alisahau mkanda. Mlinzi alimkimbiza nao mpaka barabarani, akipiga kelele, na watu wote wakageuka.

*

Ijumaa walikaa ndani. Msumeno wa umeme haukuwashwa. Mtu wa umeme alipogonga mlango asome mita, Savak alikwenda chooni na hakutoka mpaka Perviz alipomwambia ameondoka. Chakula hakikulika. Jumamosi asubuhi Hilla alivaa sari yake safi, akafunika kichwa kwa kitambaa.

“Unakwenda wapi?”

“Wewe umemdanganya mtoto usoni. Mimi ndiye niliyekata. Nakwenda kumwambia.”

“Hilla, utanifunga! Utanifunga kwa mdomo wako!”

“Basi nenda wewe.”

Savak hakuinuka kitini. Perviz alimshika mama yake mkono, kisha akauachia. Ukweli ni kwamba Hilla mwenyewe alikuwa anaogopa mpaka viatu alivivaa kinyume, cha kulia mguu wa kushoto, na aligundua hilo akiwa ameshafika sokoni.

Aliyempokea ni Kokilaben, mama yake Hetvi, mwanamke mwembamba aliyekuwa akigawa maji kwa wageni kama vile kazi ikikoma ataanguka. Alimpeleka Hilla juu, chumbani kwa Hetvi, bila kuuliza anataka nini.

“Ingia, dada. Kila mtu anakaa naye isipokuwa mimi,” alisema akijaribu kutabasamu. “Tangu Jumatatu sijapata hata dakika tano. Lakini si neno. Kesho akishakuwa mtawa, baraka ya kwanza itakayotoka mdomoni mwake ni yangu. Wameniahidi. Nitasimama wa kwanza kwenye mstari.”

Hilla alifunga mlango na kumwambia Hetvi yote, amesimama, bila kupunguza. Sanduku, gazeti, macho ya mumewe, nyota nane. Alisema pia kwamba Savak alidanganya kwa woga na kwamba kama kuna wa kulaaniwa, walaaniwe wote wawili. Hetvi alikaa kitandani na dhahabu zake zote. Alikuwa amebadilika rangi.

“Nimelibeba juzi,” alisema. “Tulipokuwa tunafanya mazoezi. Nimelizungusha nyumba nzima kichwani.”

“Nisamehe, mwanangu.”

“Alikuwa mkubwa? Ndovu yule?”

“Sijui. Hata baba mkwe wangu hakumjua. Alinunua meno tu sokoni.”

Huko chini tarumbeta ilikuwa inakosea wimbo ule ule. Hetvi alinyanyuka, akaenda kufungua kasha lililokuwa limeletwa chumbani mwake, akatoa kitabu kwa mikono miwili na kukiweka juu ya kitambaa cheupe.

“Mume wako atafungwa?”

“Miaka saba, wanasema.”

“Sikiliza, mama. Leo mimi bado ni binti wa Sevantibhai. Leo naweza kuficha, hata kudanganya naweza, ingawa nitaona vibaya. Lakini kesho saa sita naapa sitasema uongo tena maisha yangu yote. Mtu akiniuliza baada ya hapo, nitamwambia. Sitakuwa na njia nyingine.”

“Nani atakuuliza?”

“Baba mdogo. Tangu juzi hana mazungumzo mengine. Nyota nane, nyota nane.” Alifuta macho kwa mgongo wa mkono wenye hina. “Chukua kasha uende nalo. Leo nagawa kila nilicho nacho, hakuna wa kunizuia. Mengine nitaangalia.”

“Utaangaliaje?”

“Nimekwambia nitaangalia.”

Hilla alishuka na kasha kifuani katikati ya wageni mia mbili. Hetvi alitangulia akisema kwa sauti, “Nimempa mke wa fundi, kitabu nitakibeba mikononi,” na watu wakasema vizuri, vizuri, huo ndio moyo wa utawa. Jaysukh peke yake hakusema vizuri. Aliinuka kwenye kiti.

“Kasha la kazi ile? Lirudi kwa aliyelitengeneza? Hetvi, mwanangu, kuna nini na kasha hili?”

“Leo ni siku ya kugawa, baba mdogo, si ya kuuliza,” alisema msichana. Watu wakacheka. Hilla alishapita mlango.

*

Nyumbani, Savak alizitoa nyota nane kwa chuma cha moto, kwa haraka hata akajichoma. Zilikaa mezani kwenye kisahani, na fito saba pembeni yake. Hapo ndipo walipotambua kwamba hawajui pa kuzipeleka.

“Tuchome,” alisema Perviz.

“Mtoto gani wewe! Kitu kilichokufa kwenye moto?” Savak alishtuka kweli. Kwa Waparsi moto hauguswi na maiti, ndivyo walivyolelewa, na jino la ndovu ni maiti ya ndovu.

“Basi mtoni.”

“Maji nayo?” alisema Hilla.

“Tuzike, jamani.”

“Udongo pia hapana,” wazazi walisema kwa pamoja.

“Kwa hiyo tupande mnarani tukawape tai, kama maiti zetu?” Perviz alianza kucheka, kicheko kibaya cha mtu anayekaribia kulia. “Tai wenyewe wameisha. Polisi watatukuta tumekaa hapa tunabishana dini.”

Zilifungwa kwenye kitambaa na kuzamishwa kwenye debe la mchele. Jioni ile hakuna aliyepika wali. Savak alisema kesho hawaendi kwenye sherehe, Hilla akasema kutokwenda ndiko kutakakosemwa, na hata Perviz alikubali.

*

Jumapili jua lilikuwa kali tangu asubuhi. Hetvi alipita juu ya gari la kukokotwa, akitupa mchele na sarafu kwa watu kwa mkono mmoja, kitabu amekikumbatia kwa mkono wa pili. Saa sita aliingizwa nyuma ya pazia. Alipotoka alikuwa na kichwa kilichonyolewa na nguo nyeupe isiyoshonwa, pekupeku, mdogo kuliko alivyoonekana jana. Kelele za watu ziliinuka, na Hilla aliona Sevantibhai ameficha uso kwenye bega la ndugu yake.

Mstari wa kupokea baraka ulipangwa. Kokilaben alikuwa mbele, viganja vimekutana, ananyanyuka kwa vidole vya miguu. Lakini Jaysukh aliutoka mstari na kupita mbele ya wote, mikono ameinyoosha, machozi yanamtoka na utani haujamtoka.

“Mtawa wetu! Sasa huwezi tena kunidanganya!” alisema kwa sauti iliyofika nyuma kabisa. “Niambie basi. Kasha lile lilikuwa na nini?”

Watu walicheka kwa upendo. Savak alimshika Hilla mkono juu ya kiwiko. Alitafuta kwa macho njia ya kutokea kati ya viti, akaona askari wawili wa kuongoza magari wamesimama hapo hapo, wanakunywa maji.

Hetvi aliinamisha kichwa. Mtawa mkuu, bibi mkavu mwenye sauti ya mwalimu, alinyoosha kiganja.

“Msimuulize kitu. Ameomba nadhiri ya kimya tangu pale nywele zilipoanguka. Miezi sita. Nilimkatalia, nikamwambia ni mapema, akapiga magoti. Kesho alfajiri tunaondoka kwa miguu, na hatasema na mtu.”

Hema lote lilitoa sauti ya mshangao, kisha makofi. Miezi sita! Siku ya kwanza! Jaysukh alijipiga paji la uso, akainama mpaka chini kugusa vumbi la miguu yake, na alipoinuka hakuwa na swali tena.

“Tumepona,” Savak alinong’ona. “Hilla, tumepona. Twende.”

Hilla hakuondoka. Alikuwa anamtazama Kokilaben, ambaye zamu yake ilikuwa imefika.

“Baraka ya kwanza,” Kokilaben alisema. Hakuwa ameelewa, au alikuwa ameelewa na hakutaka. “Waliniahidi. Si lazima iwe ndefu. Neno moja.” Hetvi aliinua kiganja cha baraka, midomo imefungwa, macho yamejaa. “Niite tu. Niite mama mara moja, halafu unyamaze hiyo miezi yako.” Wanawake walimshika mabega wakimwambia polepole kwamba hakuna tena mama na mwana hapa, awapishe wengine. Hetvi alikuwa analia bila sauti. Hakufungua mdomo.

Walipomtoa kwenye mstari, Kokilaben alisimama akiwa hajui aelekee wapi, mpaka macho yake yalipomwona Hilla. Alikuja moja kwa moja.

“Wewe ulikaa naye jana. Mlango mlifunga. Mlizungumza muda mrefu, nilisimama ngazini nikasikia sauti yake.” Aliishika sari ya Hilla kwa ncha. “Alisema nini? Nigawie, dada. Chochote.”

Vidole vya Savak vilikuwa vinaingia kwenye nyama ya mkono wa mkewe. “Mwambie alisema anampenda,” alimwambia sikioni. “Mwambie hivyo, twende.”

Hilla aliutoa mkono wake. Alimwambia Kokilaben alichosema Hetvi, na kwa nini leo amenyamaza, pale pale juani, askari wakiwa hatua kumi kutoka kwao. Alitaja nyota, akataja ndovu, akamtaja mume wake kwa jina. Savak alikuwa amekaa chini kwenye vumbi, kofia mapajani, akiwatazama askari.

Kokilaben hakupiga kelele wala hakumwita mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, bado ameishika ile ncha ya sari.

“Kwa hiyo kama asingeogopa kuulizwa juu ya kasha,” alisema polepole, “angesema na mimi?”

“Angesema,” Hilla alijibu.